Aliyetoka Mikono Mitupu

Kaya Kinondo, msitu wetu mtakatifu, haiingiwi hivi hivi. Mwenyeji anakufunga kaniki kiunoni, kisha anakutajia miko: usipige kelele, usivunje tawi, usiokote kitu ukatoka nacho.

Nilikuwa na miaka tisa nilipouvunja mwiko huo wa mwisho. Niliokota kokwa moja chini ya mti, nyeusi, laini, nikaitia mfukoni. Babu aliiona tumeshafika nyumbani, magharibi inaingia. Hakunipiga wala hakunikaripia. Alivaa kandambili zake akasema, "Mjukuu wangu, turudi." Tulirudi gizagiza, nikaiweka nilipoitoa. Njiani akaniuliza swali moja: "Kila aingiaye akitoka na moja, wewe ungekuta nini?"

Kokwa ile hunijia kila tarehe 24 Februari inapokaribia. Siku hiyo mwaka 1965, Pio Gama Pinto alipigwa risasi ndani ya gari lake, nje ya nyumba yake Westlands, Nairobi. Nyuma yake alikuwemo bintiye Tereshka, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Pinto alikuwa mbunge, na alikuwa hajatimiza miaka 38.

Vijana wa hapa huniuliza: Mgoa wa Nairobi anatuhusu nini sisi Wadigo wa Kinondo? Huwajibu kwamba anatuhusu kwa kile alichokiacha alipokikuta.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1927, akapelekwa India kusoma. Huko, akiwa bado kijana, alijitosa katika harakati za kuwaondoa Wareno Goa. Mwaka 1949 akarejea Kenya, akashikana na vyama vya wafanyakazi na magazeti ya wapigania uhuru. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 na Kenyatta na wenzake wakafikishwa mahakamani Kapenguria, Pinto alikuwa miongoni mwa waliohangaika kuwatafutia mawakili. Alikusanya pia fedha za kuzisaidia familia za waliofungwa.

Januari 1954 alimuoa Emma. Fedha alizopewa na mkwewe ili waanzie maisha, Pinto alizitia katika mtambo wa kuchapisha. Miezi mitano baada ya harusi alikamatwa, akazuiliwa Takwa, kisiwani Manda, mkabala na Lamu. Bahari aliyokuwa akiisikia usiku ndiyo hii inayopiga miamba ya Chale, hapa kwetu. Baadaye alihamishiwa Kabarnet, na hakuwa huru hadi 1959. Miaka mitano ya ujana wake, na ya ndoa yake, ikaishia huko.

Aliyetoka kizuizini angeweza kudai fidia yake. Uhuru ulikuwa unakuja, na mashamba yalikuwa yanapata wenyewe wapya. Pinto aliingia kazini tena: gazeti la Sauti ya Mwafrika, kampuni ya Pan African Press, Taasisi ya Lumumba iliyofunguliwa mwaka 1964 kufundisha makada wa chama tawala. Aliendelea kusema kwamba uhuru usiomfikishia mnyonge ardhi na kazi haujakamilika. Alipouawa, hakuacha mali ya kuilea familia. Marafiki walilazimika kuanzisha mfuko wa kumsaidia Emma na mabinti watatu, na mwaka 1967 mama na wanawe wakahamia Kanada. Kisilu Mutua alihukumiwa kwa mauaji hayo, akakaa gerezani zaidi ya miaka 35 akisema hakuua, hadi alipoachiliwa mwaka 2001. Walioagiza kifo kile hawajawahi kusimama kizimbani.

Sisi wa pwani hii ya Kwale tunajua uchungu wa uhuru usiokamilika. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba katika ukanda wa pwani wa maili kumi ajitokeze na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wazee wetu walimiliki kwa ukoo na kwa mti uliopandwa, hawakuwa na karatasi. Ndiyo maana leo kuna wajukuu wanaoitwa maskwota hatua chache kutoka makaburi ya babu zao. Na kila uchaguzi tunaletewa watetezi wa ardhi. Wanatushika mikono misibani, wanalia nasi. Kura zikishahesabiwa, tunasikia mtetezi fulani amepata kiwanja ufuoni.

Lakini siwezi kuwanyooshea kidole peke yao. Niliwahi kukaa katika kamati ya basari ya kijiji. Orodha ilipoletwa, jina la mwanangu lilikuwamo, na mimi nilikuwa na uwezo wa kumlipia. Nilinyamaza. Mtoto wa mvuvi jirani yangu alikosa, akakaa nyumbani muhula mzima. Baba yake aliendelea kuniamkia kila asubuhi kwa heshima ile ile, na kila salamu ilinichoma. Mwaka uliofuata nilimwendea, nikamweleza yote, nikamlipia mtoto karo ya muhula ule aliourudia. Alinisamehe. Muhula wenyewe sikuweza kumrudishia.

Tangu hapo ninapopima mwanaharakati, nakwenda polepole kwenye hotuba zake. Nauliza kwanza: alipopewa nafasi ya kuingia, alitoka na nini?

Mwaka 2008 UNESCO iliziorodhesha kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwamo, katika urithi wa dunia. Mwaka huo huo Kenya ikatoa stempu yenye sura ya Pinto pamoja na mashujaa wengine. Msitu ule umesimama kwa sababu vizazi vya watu, ambao majina yao hayakuandikwa popote, waliingia wakatoka mikono mitupu. Juzi nimempeleka mjukuu wangu. Tulipofika langoni nikamwambia anionyeshe mifuko yake, naye akaniambia, "Na wewe, babu." Nikaigeuza yangu nje, yote miwili.