Ngao za Moru

Kule Moru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kuna miamba yenye picha za ngao za Kimaasai. Mara ya kwanza nilizitazama pamoja na watalii. Mwongozaji alieleza vizuri, ila kwa namna ambayo ungedhani wachoraji walitoweka zama za mawe. Nikapiga picha, nikafurahi zangu.

Mwaka jana nilikuwa Ololosokwan, kijiji kinachopakana na hifadhi hiyohiyo. Nikamsimulia koko mmoja, bibi wa nyumba niliyofikia, habari za zile ngao. Akacheka. "Mjukuu wangu, shemeji yangu alitoka huko."

Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek alitoa filamu iliyoipa Serengeti jina duniani na kupata tuzo ya Oscar. Mwanawe Michael alifia kazini, ndege ilipoanguka, na kaburi lake liko ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Nimesimama pale kwa huzuni ya kweli. Mapenzi yao kwa nyika ile siyatilii shaka. Ninachojiuliza ni hiki: je, ili tupapende mahali, lazima kwanza tupaone hapana mwenyewe?

Juni 2022 bikoni zikawekwa Loliondo, kilomita za mraba 1,500 zikatengwa, leo zinaitwa Pololeti. Hoja ilikuwa vyanzo vya maji na mapito ya wanyama. Jamani, siyo hoja ya kupuuzwa. Ng'ombe wameongezeka, na mbuga ikishalimwa nyumbu hawarudi. Lakini Sagarmatha, hifadhi ya Mlima Everest kule Nepal, ilianzishwa 1976 na vijiji vya Washerpa vimo humo mpaka leo. Migogoro wanayo, sawa. Ila hakuna anayemwonyesha mgeni nyumba ya Msherpa kama mabaki ya kale.

Sisi tumelinda mchoro, tukamtoa mchoraji. Na mimi niliyelipa kiingilio nikashangilia, nimo.

Koko aliomba aione picha. Nikaitafuta kwenye simu, nikamkuzia. Akaitazama sana, akafuata mstari mwekundu kwa kidole, halafu akauliza, "Imefifia. Siku hizi nani anaipaka rangi?"

Nikamwambia hairuhusiwi kuigusa.