Mvua, Dhahabu na Noeli

Hapa kwetu Kalangalala, mjini Geita, mwezi wa Desemba hauna mtu aliyeketi. Mvua zimeshika, mahindi yataka palizi. Wachimbaji wadogo waosha mchanga wakitafuta chembe ya kununulia watoto nguo. Mabasi nayo yajaa. Wengine husema shughuli hizi ndizo zilizoiua Noeli. Sisi hatukubali upesi hivyo. Luka asimulia kwamba Bethlehemu nayo ilijaa watu waliokwenda kuandikwa, na wachungaji walikuwa kazini usiku ule. Hawakulaumiwa kwa kuchunga; waliitwa, wakaenda mbio, kisha wakarudi. Basi swali si wingi wa kazi, bali kama twaweza kuiweka chini tuitwapo.

Mwaka jana sisi wenyewe, tulio walimu, tulikopa fedha ili meza yetu isipitwe na ya jirani. Jumapili ya mwisho ya Majilio tukajificha nyumbani, kwa kuwa mwia wetu husali kanisa lile lile. Wali ulikuwa mtamu, hatukatai.

Mwaka huu tumelipa kwanza. Watoto watavaa nguo za zamani, zimefuliwa zikapigwa pasi. Mama yao amenyamaza, ila hajaridhika.