Nafsi Zilizoundwa Mezani

Neno nafsi lina kazi mbili katika Kiswahili. Mwanasarufi hulitumia kutaja asemaye, asemeshwaye na asemwaye. Mwenye kutafakari maadili hulitumia kutaja utu wa ndani wa mtu. Twaona kuwa kazi hizo haziko mbali. Aamuaye viwakilishi vya nafsi katika lugha huamua pia jinsi watu watakavyotazamana. Uamuzi huo kwa kawaida ni wa vizazi vingi. Lakini wamekuwako waliouamua peke yao, mezani, kalamu mkononi. Je, walikuwa na haki hiyo?

Padre Johann Martin Schleyer wa Ujerumani alitangaza lugha yake ya Volapük mwaka 1879. Katika lugha hiyo löfob ni “napenda”, na nafsi yenyewe ni kile kiishio -ob. Irabu inayotangulia hugeuza wakati: älöfob ni “nilipenda”, elöfob “nimependa”, olöfob “nitapenda”. Mpango huu ulikuwa safi kama hesabu. Hata hivyo, watumiaji walipotaka marekebisho, padre alidai kuwa neno la mwisho ni lake. Mgogoro ukakua, na baada ya mkutano wa Paris wa 1889 lugha ikafifia upesi.

Daktari Ludwik Zamenhof alizaliwa Białystok mwaka 1859, mjini ambamo Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi walitengwa na lugha na chuki. Mwaka 1887 alichapisha Esperanto huko Warsaw, akaacha haki ya kuimiliki. Naye alitumia irabu kutaja wakati: mi vidas, “naona”, mi vidis, “niliona”, mi vidos, “nitaona”. Kiwakilishi vi humsemesha mmoja na wengi, mkubwa na mdogo. Lakini yeye aliyetaka kuondoa migawanyiko alimtenga mwanamume, li, na mwanamke, ŝi, kama zilivyofanya lugha alizozizoea. Waliounda Ido mwaka 1907 kutokana na Esperanto waliongeza lu, lisilotaja jinsia.

Hapa msomaji wa Kiswahili aweza kutabasamu, kwani yeye wetu hauulizi kama ni mume au mke. Tusijisifu mno; mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wazee waliowanyima binti zao shule walisema yeye maisha yao yote. Kiwakilishi chenye usawa hakikuleta usawa nyumbani. Kadhalika lu pekee halikumfanya mtu awe mwadilifu. Sarufi yaweza kutuondolea kisingizio kimoja cha kubagua. Kazi iliyobaki ni yetu.

Haki ya mwundaji, basi, ni ipi? Tuangalie irabu zetu wenyewe. Twasema piga, pigia, lakini soma, somea. Mabadiliko hayo hayakupitishwa na kamati yoyote. Mtoto huyashika kabla hajajua kalamu. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilisanifisha tahajia na msamiati kwa msingi wa Kiunguja, lakini haikutuundia irabu wala nafsi. Hata Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, hupendekeza istilahi; zile ambazo vinywa vya watu huzikataa hubaki katika orodha.

Kwa maoni yetu, mtu ana haki ya kuunda lugha kama alivyo na haki ya kupika chakula na kukiweka mbele ya wageni. Hana haki ya kuwashika shingo wale. Schleyer alishindwa kutenganisha mambo hayo mawili. Zamenhof aliyatenganisha, na lugha yake ingali inasemwa ingawa ina kasoro. Mwalimu anayefundisha viwakilishi asiishie kwenye jedwali la mimi, wewe, yeye. Awaulize wanafunzi wake: katika darasa hili, ni nani tunayemwita yeye, naye yuko mbele yetu, akistahili kuitwa wewe?