Wema Asioukumbuka Mtoto

Amma baad. Alitujia mtu mmoja baada ya sala ya Isha, katika watu wetu wa mji, mtu mwema asiyekosa jamaa, akatuuliza suala ambalo kwanza tulilidharau. Mkewe amlalamikia kwamba hakai nyumbani. Hutoka alfajiri kwenda dukani kwake, hurudi magharibi, na akisha kula huenda barazani mpaka saa nne za usiku. Naye ana mtoto mwanamume wa miaka miwili. Akasema: “Sheikh, mimi nyumbani sikupunguza kitu. Chakula kipo, nguo zipo, kodi nalipa. Na huyu mtoto bado hana akili. Nikikaa nikacheza naye leo, kesho hakumbuki. Nangoja apate fahamu, hapo nitakaa naye nimfunze. Je, nina dhambi?”

Tukamjibu kwa haraka, kama ilivyo ada ya mtu aliyechoka, kwamba masurufu ameyatimiza, na kwamba baraza isiyo na kusengenya watu si haramu. Akaenda zake amefurahi. Nasi tukashika njia ya nyumbani, na suala lile likatufuata. Kwani yule bwana hakutuuliza la masurufu. Alituuliza jambo kubwa kuliko hilo, ingawa hakujua: wema asioukumbuka mwenye kutendewa, una thamani gani?

Hatuna budi kukiri kwamba maneno yake yana mashiko. Kila mmoja wetu akirudi nyuma katika kumbukumbu zake hufika mahali pakawa giza, nalo giza hilo huanza kwenye mwaka wa tatu au wa nne wa umri wake. Nyuma ya hapo hatuoni kitu. Hatulikumbuki susu tulilobembezwa, wala mgongo uliotubeba tulipokuwa na homa, wala mkono ulioshika wetu siku tuliyosimama dede. Yote hayo twaambiwa tu, na twayasadiki kama tusadikivyo khabari za miji tusiyoifika. Basi ikiwa mtoto hayaoni wala hayahifadhi, yule baba anayekaa mkekani akajifanya ngamia ampande mwanawe, amtendea nani? Si kama mtu aandikaye juu ya maji?

Lakini natutazame namna Mwenyezi Mungu alivyotufundisha kuwaombea wazazi wetu. Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 24, ameamrisha mja awatakie rehema wazazi wake wawili, na akafungamanisha dua hiyo na jambo moja: kwamba wao walimlea alipokuwa mdogo. Haikutajwa hapo kwamba walimsomesha, wala kwamba walimuoza, wala kwamba walimwachia nyumba au shamba. Umetajwa udogo, yaani wakati ule ule ambao mwenye kuomba hana kumbukumbu nao hata chembe. Na katika Sura ya Luqman, aya ya 14, ilipokuja amri ya kuwashukuru wazazi, kilichotangulizwa ni mimba na kuachishwa ziwa ndani ya miaka miwili. Kwa hivyo lile alilolihesabu yule bwana kuwa halina uzito, kwa kuwa halikumbukwi, ndilo Qur'ani iliyolifanya kuwa msingi wa deni kubwa kabisa mtu alilo nalo baada ya haki ya Mola wake. Sote twaomba kwa ajili ya mambo tusiyoyakumbuka.

Wanavyuoni wa lugha wana maneno juu ya ile kafu iliyomo katika dua hiyo. Wako waliosema ni ya sababu: warehemu kwa kuwa walinilea. Na wako waliosema ni ya mfano: warehemu kama walivyonilea. Sisi si mahali petu hapa kuamua baina yao. Walakini tuliposoma tena usiku ule kauli hii ya pili, tulikaa kimya muda mrefu. Kwani mtoto wa yule bwana atakua, inshaallah, naye atainua mikono yake aiombe dua hiyo kila siku, na asijue kwamba ndani yake mna kipimo, na kwamba kipimo chenyewe babake ndiye anayekijaza sasa.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa na mtoto jina lake Ibrahim. Mtoto huyu alinyonyeshwa na mama mwengine, kandokando ya mji wa Madina, na mume wa yule mnyonyeshaji alikuwa mhunzi wa chuma. Anas bin Malik amesimulia, na hadithi yake imo katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume alikuwa akienda huko, akiingia katika nyumba ile hali imejaa moshi wa mhunzi, akimchukua mwanawe, akimbusu, kisha hurudi. Basi, hiyo ndiyo khabari yote. Twaomba msomaji asiipite upesi kwa sababu ni fupi. Huyo ni mtu aliyekuwa na Wahyi, na majeshi, na wageni wa makabila, na masuala ya umma wote mabegani mwake; naye akenda kwa miguu mpaka pembezoni mwa mji, akaingia moshini, kwa ajili ya busu moja, kwa mtoto aliyekuwa hajaachishwa ziwa. Na mtoto huyo hakuwahi kukumbuka. Alifariki katika mwaka wa 10 wa Hijra, umri wake mwaka mmoja na miezi kadhaa, na Mtume akamlilia machozi mbele ya watu. Lau kuwa mtoto hustahiki wakati wa babake kwa kadiri atakavyoukumbuka, safari zile zingekuwa za bure zote.

Pia kuna yule mtoto mwengine, Abu Umair, ndugu yake Anas kwa mama, aliyekuwa na kidege chake akichezea. Mtume alikuwa akija nyumbani kwao humtania kwa kumuuliza khabari za kidege hicho, mpaka kidege kilipokufa na mtoto akahuzunika. Imamu Ibnul-Qass, katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka wa 335 wa Hijra, aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hii moja, akatoa ndani yake faida 60. Tulipokuwa wanafunzi tulistaajabu: faida sitini katika mazungumzo ya kidege! Siku hizi twaona ajabu ni kwamba sisi tuliisoma hadithi hiyo tukaihifadhi isnadi yake, na hatukumuuliza mtoto yeyote wetu khabari za ndege wake. Na baadhi ya wanavyuoni wamesema kwamba Abu Umair ndiye yule mtoto wa Abu Talha aliyefariki udogoni. Ikiwa ni hivyo, basi lau mtu angalingoja apate fahamu, angalingoja mtu asiyekuja.

Hapa wazee wetu, Mungu awarehemu waliotangulia, wana neno lao. Husema kwamba baba akichekacheka na watoto haiba yake huvunjika, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nasi haiba hatuikani. Nyumba isiyo na mwenye kuogopwa kidogo ni nyumba ya fujo. Lakini methali hiyo wameishika mkia. Samaki hakunjwi kwa kutazamwa kwa mbali, hukunjwa kwa kushikwa mkononi. Baba ambaye mwanawe hamjui ila kwa sauti ya kikohozi mlangoni na bakora iliyotundikwa ukutani, akitaka kumkunja ataona tayari amekauka. Al-Aqra bin Habis, mkubwa wa Banu Tamim, alijisifu mbele ya Mtume kwamba ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja wao. Nalo jawabu alilolipata, kwamba asiyehurumia hahurumiwi, kila mtu katika mji wetu alijua kwa moyo. Twalisoma katika maulidi, twatoka, twapita mbele ya watoto wetu waliolala mikekani wakitungoja.

Wengine huleta hoja ya upande wa pili, ya kizuhudi: kwamba watoto ni fitina, na kwamba Sura ya Al-Munafiqun imetuonya yasitushughulishe mali na watoto tukaacha kumtaja Mwenyezi Mungu. Ni kweli imeonya. Walakini aliyeteremshiwa onyo hilo ndiye aliyeswalisha watu hali amembeba Umama, binti wa bintiye Zainab, akisujudu humweka chini, akisimama humchukua tena. Na tazama tena aya ilivyotanguliza mali. Ni wangapi kati yetu waliomwacha Mola wao kwa ajili ya kukaa na watoto, na ni wangapi kwa ajili ya duka?

Na sisi wenyewe si watu wa kujitoa katika lawama hii. Binti yetu alipokuwa na miaka minne alikuwa akija kila siku baina ya Magharibi na Isha, akikokota mkeka mdogo, akitaka tumsimulie hadithi ya sungura. Huo ndio wakati wetu wa kutazama kitabu kabla ya darsa. Tulimwambia, “Kesho, inshaallah.” Hatukumkemea hata mara moja, tulimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliotughuri tukajiona baba wema. Alikuja siku nyingi, khalafu akaja siku chache, khalafu mkeka ule ukawa unatumiwa kuanikia mchele. Alipokuwa na miaka minane, jioni moja darsa iliahirishwa kwa mvua, tukamwita tukamwambia, njoo mwanangu tukusimulie. Akasimama mlangoni kwa adabu, juzuu mkononi, akasema: “Baba, nina hifdhi ya chuoni. Kesho, inshaallah.” Hakuwa na kinyongo. Lilikuwa neno letu tu, limerudi kwa sauti nyengine.

Hatutaki maneno haya yawe mzigo juu ya mgongo usioyastahiki. Wako wanaofanya zamu za usiku bandarini Kilindini, na wako wanaovuka kivuko cha Likoni watoto hawajaamka na kurudi wamekwisha lala. Hao wamo katika jihadi ya rizki, na hatuwasemi. Wala kukosekana kwa baba si jambo geni kwetu watu wa pwani. Babu zetu mabaharia walikwenda Arabuni na kusi na wakarudi na kaskazi, na mtoto aliyeachwa anatambaa akakutwa anakimbia. Lakini mtoto yule aliachwa katika nyumba yenye babu ukumbini, bibi jikoni, ami mlango wa pili na mjomba mtaa wa nyuma. Magoti ya kukalia hayakumpungukia. Leo mtoto yumo katika vyumba viwili vya kupanga, gorofa ya tatu, na mamake peke yake. Na wengine hata mama hawanaye, amekwenda Saudia au Qatar kulea watoto wa watu ili wake wale. Khabari ya mama huyo yataka makala yake pekee, na hukumu yake si nyepesi. Tusemalo hapa ni kwamba kwake yeye ile simu, akimwona mwanawe anacheka ng'ambo ya bahari, ni neema ya kushukuriwa.

Ambapo kwa baba aliyeko nyumbani simu hiyo hiyo ni kitu kingine. Tumeona kwa macho yetu mtoto akipiga hatua zake za mwanzo kumwendea babake, na baba ameinua simu kupiga picha. Mtoto akafika, akatafuta uso, akakuta kioo. Hatusemi juu ya hukumu ya picha, suala hilo lina mahali pake. Twasema kwamba huyo baba alitaka kuihifadhi saa ile, naye ndiye pekee katika chumba kile ambaye hakuwamo ndani yake.

Hadithi imekuja kwamba mtoto huamrishwa sala afikapo miaka 7. Miaka 7 ya Hijria ni siku kama 2,480, yaani Ijumaa 354. Mtu akikaa na mwanawe saa moja tu kila Ijumaa baada ya sala, asitoke wala asishike kitu mkononi, mpaka mtoto afike umri huo, atakuwa amekaa naye saa 354, ambazo hazitimii siku 15. Tuliipiga hesabu hii mara mbili tukidhani tumekosea.

Jumamosi iliyofuata tulimwendea yule bwana dukani kwake, kwani mwenye kutoa jawabu pungufu huwa amebaki na deni. Tukamwambia kwamba tuliyomjibu yalikuwa ya masurufu, na suala lake halikuwa hilo. Tukamsimulia ya nyumba ya mhunzi na ya kidege. Alisikiliza huku akipima sukari. Kisha akatuuliza, kidege kile kilikuwa cha namna gani? Tukamwambia kwamba wapokezi wanasema ni kidogo, mfano wa shomoro. Akafunga pakiti, akafikiri kidogo, akasema kwamba mwanawe ndege hawataki. Apenda paka, na yuko paka wa jirani ambaye hushinda naye ngazini kutwa. Tukamuuliza paka huyo anaitwaje. Akasema hajui, atamuuliza mtoto.