Je, Tunaweza Kumsifu Mungu kwa CD ya Wizi?

Maandiko ya wiki: 2 Samweli 24:18–25, Mathayo 10:8–10, 1 Wakorintho 10:25–29



Wiki hii nitaanza na matatu kabla ya kufika kwa andiko. Miezi michache iliyopita nilikuwa naenda mjini asubuhi, na makanga akaweka nyimbo za injili. Baada ya nyimbo mbili tatu nikasikia sauti ninayoijua. Alikuwa ni dada yetu wa hapa kanisani, yule aliyezindua albamu yake ya nyimbo nane mbele yetu sote. Nilifurahi sana. Nilitaka hata kumwambia abiria wa pembeni kwamba huyo ni mshirika wetu. Kisha nikatazama kile kioo kidogo cha redio nione kama jina lake limeandikwa. Halikuwepo. Maneno yaliyokuwa yakipita pale ni haya: PASTA KOPI 3.

Wapendwa, maneno hayo niliyaandika mimi.

Siku ya uzinduzi nilipewa CD moja ya bure kama mchungaji. Jumatatu nikaiingiza kwenye kompyuta ya ofisi, nikatoa nyimbo zote nane, na kwa sababu ya haraka nikazipa majina ya PASTA KOPI 1 mpaka 8. Kijana mmoja akaja na flashi, akaomba, nikampa. Nilidhani nambariki. Yeye naye akambariki mwenzake. Zilipita mikono mingapi sijui, lakini makanga alinionyesha mahali zilipofika: CD moja ya nyimbo 120, aliyoinunua stejini kwa shilingi hamsini. Kwenye kava kulikuwa na picha ya njiwa na msalaba, na kwa herufi nyekundu neno ORIGINAL.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja, na leo naliweka mbele yenu: je, sifa zinazopigwa kwa kitu kilichoibwa zinabaki kuwa sifa?

Utaijuaje CD halali?

Wengi wetu tunasema, "Mimi sijui kutofautisha." Basi tujifunze, ili sababu hiyo iishe.

Geuza CD uangalie upande unaosomwa na mashine. CD iliyochapwa kiwandani huwa na rangi ya fedha. Ile iliyochomwa kwa kompyuta mara nyingi huonyesha kijani, samawati au zambarau, kwa sababu ina tabaka la rangi ambalo mwale wa leza huliunguza. Angalia pia ule mduara wa ndani karibu na tundu. CD nyingi za kiwandani zina namba ndogo pale, na tangu 1994 viwanda vingi huweka herufi IFPI zikifuatwa na alama za kutambulisha kiwanda.

Angalia kava. Ya halali humtaja mwimbaji, mtayarishaji, mwaka na mwenye haki. Ya wizi huwa na picha iliyofifia na hakuna anayetajwa. Hesabu nyimbo vilevile. CD ya kawaida ya muziki hubeba takriban dakika 74 hadi 80. Ukiona nyimbo 120 za waimbaji arobaini kwa diski moja, ujue zimebanwa kwa mfumo wa MP3. Hapo jiulize ni nani aliyezunguka kuomba ruhusa ya watu arobaini, kisha akauza kwa hamsini.

Hapa Kenya kuna alama nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 iliweka kibandiko maalumu cha kuzuia uharamia kwenye kanda na CD zinazouzwa, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo iliyopewa kazi ya kukisimamia.

Lakini sikiza, maana hapa ndipo wengi hukosea. Alama hizi zote hazitoshi. Waimbaji wetu wengi hawana pesa za kiwanda, kwa sababu kiwanda hakichapi CD thelathini, kinataka mamia. Kwa hivyo mwimbaji anachoma CD zake mwenyewe, moja moja, anakata kava kwa makasi, anakuja kuuza mlangoni. Ukiigeuza utaona ile rangi ya kijani. Inafanana kabisa na feki, na bado ni halali kabisa, kwa sababu mwenye jasho ndiye aliyeitoa. Kwa upande mwingine kuna kopi zilizochapwa vizuri, zikang'aa, na mwimbaji hajui hata kama zipo.

Basi macho hukufikisha nusu ya njia. Nusu nyingine ni kuuliza: aliyeimba anajua kwamba hii inauzwa? Na je, kuna kitu kinachomfikia? Ningejiuliza hivyo ile Jumatatu, nisingehitaji kuangalia rangi ya diski. Ile niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa halali. Mharamia alikuwa mimi.

"Lakini injili ni bure, Pasta"

Hili nimeambiwa mara nyingi, na si hoja ya kudharau. Yesu alipowatuma wale kumi na wawili aliwaagiza wasiuze walichopewa bure. Lakini soma mbele kidogo. Katika agizo hilohilo, mistari miwili tu baadaye, anasema mfanyakazi anastahili chakula chake. Bwana hakuona mgongano hapo. Neema haina bei, na anayeibeba bado analala njaa asipokula.

Tena zawadi hutolewa na mwenyewe. Kuna waimbaji wanaotangaza wazi kwamba wimbo huu ni wa bure, sambazeni. Sambaza, na Mungu akubariki. Lakini mimi siwezi kuwa mkarimu kwa mali ya mwenzangu. Nikichukua kuku wa jirani nikampikia mgeni, mgeni atashiba, lakini jirani ndiye aliyetoa na hakuulizwa.

Wacha niwapigie hesabu kidogo, maana ndiyo niliyosomea. Namba hizi ni za mfano. Tuseme dada ametumia 90,000 kwa studio, wapigaji vyombo na picha. Akatengeneza CD 300 kwa shilingi mia kila moja, hiyo ni 30,000. Jumla 120,000. Anauza kila CD kwa 500. Lazima auze CD 240 ndipo arudishe pesa yake tu. Faida yake yote imekaa katika zile 60 za mwisho. Sasa washirika 60 wakisema, "Mimi nitatoa kwa flashi ya fulani," hawajapunguza faida yake kidogo. Wameimaliza. Na wa 61 akifanya hivyo, dada anaanza kuingia hasara. Kila mmoja wetu anaona amechukua kopi moja tu, lakini hizo moja moja zote zinakatwa mahali pamoja: kwa chakula chake.

Yule muuzaji wa hamsini naye hajamshinda dada kwa akili ya biashara. Ameanzia pale dada alipomalizia. Studio hakulipa, usiku hakukesha akitafuta maneno, mkopo hana. Gharama yake ni diski tupu.

"Paulo alisema tununue bila kuuliza"

Mzee mmoja wetu, anayelijua Neno, alinipa kazi kweli. Alinikumbusha kwamba Paulo aliwaruhusu Wakorintho wale chochote kinachouzwa sokoni bila kuuliza kwa ajili ya dhamiri. "Sasa Pasta, mbona unatutwika mzigo wa kuuliza kila CD imetoka wapi?"

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Nikaona mambo mawili. La kwanza, ile nyama ya Korintho iliuzwa na mwenyewe. Shida ilikuwa ni madhabahu iliyopitia, na Paulo anasema sanamu si kitu. Lakini mwimbaji ni kitu. Ni mtu, ana kodi ya nyumba. Yakobo 5 inasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unalia, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana.

La pili, Paulo haishii hapo. Anasema mtu akikuambia nyama hii imetolewa kwa sanamu, usile, kwa ajili ya yule aliyekuambia. Maana yake ruhusa ya kutouliza inakoma pale unapojua. Kwa hivyo simlaumu mama aliyenunua CD stejini bila kujua lolote. Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa umeshaambiwa. Na mimi sikuwahi kuwa na hiyo nafasi ya kutojua.

Ndipo nikagundua kwamba mara nyingi kutouliza kwetu si ujinga. Hatuulizi kwa sababu jibu tunalo tayari, na jibu lenyewe lina gharama ya shilingi 450 zaidi.

Uwanja wa Arauna

Daudi alipoambiwa ajenge madhabahu, alienda kwenye uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna. Arauna akamwambia achukue bure: uwanja, ng'ombe, hata miti ya kupuria iwe kuni. Ilikuwa zawadi halali, kutoka kwa mwenyewe, kwa moyo mweupe. Daudi akakataa. Akalipa shekeli hamsini za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu sadaka ambayo haikumgharimu kitu.

Daudi alikataa kuabudu kwa kile alichopewa bure. Sisi tunaabudu kwa kile ambacho hata hatujapewa.

Nilienda kwa yule dada, nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, mimi nilijua. Nilisikia wimbo wangu kwa simu ya mteja saluni, nikaona hilo jina. Sikutaka kukuaibisha." Mkopo wa chama bado alikuwa anaulipa. Nilitamani ardhi inimeze. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mimi sikufika mara nne, kwa sababu kopi za Zakayo zilihesabika na zangu hazihesabiki. Nililipa zile nilizoweza kuzikumbuka, kutoka mfukoni mwangu, na nyimbo zile nikazifuta kwenye kompyuta ya ofisi. Zile zilizo kwenye matatu siwezi kuzirudisha. Hilo nalibeba. Dada mwenyewe amekubali niandike haya.

Tufanye nini?

Kwanza, kila nyumba iangalie CD na flashi zake. Usizitupe kwa hasira. Uliza tu: mwenye hii anajua ninayo? Kama mwimbaji unamfahamu, mtafute ulipe. Kama yuko mbali, nunua kazi yake moja halali.

Pili, kuanzia Jumapili hii timu ya sifa na watu wa mitambo hawatapokea wimbo wa kuchezwa kanisani bila kujua umetoka wapi. Nimekubaliana nao, na sheria hiyo inaanzia kwangu.

Tatu, kama huna 500, sema. Mwimbaji akikupunguzia au akikupa bure, hiyo ni baraka kamili, utausikiliza wimbo ukiwa na amani. Kuomba si aibu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani: Ni kitu gani ninachotumia kumtumikia Mungu ambacho sijawahi kuuliza kimetoka wapi? Je, kuna mtu katika kanisa hili anayejua nilimkosea, na amenyamaza ili nisiaibike?

Tuombe. Bwana, tusamehe pale tulipokuimbia kwa jasho la mwenzetu. Wape waimbaji wetu haki yao, na utupe ujasiri wa kuuliza hata pale jibu litakapotugharimu. Katika jina la Yesu. Amina.