Siku 365 na Robo Inayobaki

Katika pwani ya Palma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, watu huishi kwa hesabu mbili. Maji hufuata mwezi: bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na ndipo watu hufika mbali miambani kutafuta pweza na chaza. Upepo haujali mwezi. Kaskazi na kusi hupokezana kwa mwendo wa jua. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, ya jua 365 na ushei. Ndiyo maana Ramadhani ya 2015 iliingia Juni, kusi ikivuma, na ya 2025 ikaingia Machi, kaskazi ikielekea ukingoni.

Baharia hawezi kungoja upepo kwa kalenda inayohama. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, alitunga shairi la kuongoza vyombo hadi Sofala, njia inayopita mbele ya Rasi ya Delgado. Majira ya safari aliyataja kwa Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa siku 365, yaani ni siku ya ngapi tangu mwaka huo uanze. Waswahili nao walizihesabu siku hizo kwa miongo, kumi kumi: miongo 36, zikabaki siku 5.

Masalio hayo hayana dawa. 365 ni 5 mara 73, na 73 haigawanyiki tena. Gawa kwa 7, inabaki 1; kwa hiyo mwaka ulioanza Jumatatu hufuatwa na ulioanza Jumanne.

Lakini idadi hii ina uzuri wake. Panga komwe mchangani safu 10 za komwe 10, kando yake 11 kwa 11, kisha 12 kwa 12. Zimetumika 365. Zikusanye uzipange upya, 13 kwa 13 na 14 kwa 14: haibaki hata moja, wala haipungui. Hakuna idadi ndogo kuliko hii inayojengwa kwa njia zaidi ya moja kutokana na miraba ya namba zinazofuatana. Mwaka 1895 Mrusi Nikolai Bogdanov-Belsky alichora watoto wa shule ya kijijini wakikokotoa kichwani hesabu iliyofumwa kwa miraba hiyo hiyo mitano, jumla yake ikigawanywa kwa 365. Jibu ni 2.

Je, uzuri huo ni wa mbingu? Hapana. Komwe zingepangika vile vile hata kama mwaka ungekuwa na siku 400. Na mwaka wenyewe haukubali kuwa 365. Una siku 365.2422. Anayesema namba ni majina tu tuliyobuni aeleze kwa nini komwe hazimpi nafasi ya kubisha. Anayesema ulimwengu umeandikwa kwa namba kamili aieleze robo ile.

Nahodha aliweza kuishi na yote mawili. Upepo huja kwa majira, hauji kwa saa, na robo ya siku haimzuii mtu kutweka tanga. Alichohitaji ni hesabu moja ambayo bandari zote zinaikubali. Kosa hujikusanya polepole, siku 24 kwa kila karne. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, ambao ni sherehe ya Nairuzi, siku hizi huadhimishwa Julai. Hesabu ile ikiachwa bila kurekebishwa, baada ya miaka 100 utakuwa umeingia Juni.