Je, Adhabu ya Mkosaji Ina Mwisho?

Ndugu msomaji, mtu akihukumiwa kifungo, akakimaliza na kurudi kwao, je, amekwisha kulipa deni lake? Jambo dogo la bima ya gari litatusaidia kulipima swali hili.

Kwetu Lingeka, katika wilaya ya Meatu, kijana anunuaye pikipiki ya kupakia abiria hulazimika kisheria kukata bima ndogo, yaani ile imfidiayo mtu mwingine aliyedhurika. Bei yake hufuata aina ya chombo na kazi yake, wala si maisha ya nyuma ya mwenye chombo. Lakini kijana huyo huyo akitafuta mdhamini wa mkopo, au akiomba pikipiki ya mtu aiendeshe kwa hesabu ya kila siku, kijiji kizima hukumbuka kwamba aliwahi kuiba. Na kumbukumbu hiyo haina tarehe ya kwisha.

Huko Uingereza, ambako wamo ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki, mambo ni kinyume. Kampuni nyingi za bima humwuliza mwombaji kama ana hukumu ya jinai ambayo muda wake haujapita, hata kama kosa halikuhusu gari. Akijibu ndiyo, hukataliwa au hutozwa zaidi. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1974 imeiwekea kumbukumbu hiyo mpaka. Katika Uingereza na Wales, tangu Oktoba 2023, kifungo kisichozidi mwaka 1 huhesabiwa kuwa kimepitwa mwaka 1 baada ya adhabu kwisha. Kinachozidi mwaka 1 hadi miaka 4, baada ya miaka 4. Na kinachozidi miaka 4, baada ya miaka 7, isipokuwa kwa makosa fulani mazito. Muda ukipita, mtu huyo hana wajibu wa kuitaja hukumu hiyo kwa kampuni ya bima.

Hapa yazuka maswali mawili. Kwanza, je, ni haki kumtoza zaidi aliyeiba dukani, hali hakumgonga mtu barabarani? Kampuni zitasema kwamba bima ni mkataba wa uaminifu. Hoja hiyo ina uzito kwa muda fulani tu. Uaminifu hujulikana kwa mwenendo, na miaka ya mwenendo mwema nayo ni ushahidi. Anayekataa kuutazama ushahidi huo hapimi tena hatari, bali anaongeza adhabu ambayo hakimu hakuitoa.

Pili, je, mkosaji aweza kuficha ili apate bei nafuu? Hasha. Akidanganya kwa makusudi, sheria ya mwaka 2012 inairuhusu kampuni kuuvunja mkataba, kukataa madai yake yote na hata kubaki na fedha alizolipa. Zaidi ya hayo, atakuwa ameithibitisha ile shaka iliyomtesa. Njia iliyo bora ni kujua tarehe hasa ambayo hukumu yake itapitwa, kujibu kwa ukweli kila aulizwapo, na kuwaendea mawakala wanaokubali watu wa hali yake. Shirika la Unlock la nchini humo huwasaidia watu wenye hukumu kuwapata mawakala hao. Gari dogo lisilo na thamani kubwa nalo hupunguza gharama.

Nasi tunalo la kujifunza. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 67, humzuia mgombea ubunge aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi, lakini huhesabu miaka 5 tu kabla ya uchaguzi. Ikiwa taifa laweza kuweka kikomo kwa atakaye kutunga sheria, kwa nini mwenye pikipiki asiweze kwa atakaye kuiendesha?

Basi, ndugu msomaji, akikujia mtu wa namna hiyo, usimpe upofu wala usimpe kisasi. Mwambie masharti waziwazi: mwaka mmoja, hesabu kamili kila jioni. Na mwaka ukitimia salama, usilitaje tena kosa lake, wala usiwaache wanao walitaje.